Tawi la Mapasa

7 Oktoba
Mvua ya kwanza ya kweli. Bati la biro, ofisi yetu, linapiga kelele hata simu haisikiki. Umeme umekatika mapema asubuhi na haukurudi. Sikufanya kitu.

9 Oktoba
Mama Célestine, nesi wa kituo chetu, ameniita nikaone mtoto anayekua kinyumenyume. Kwenye mashini, yaani kompyuta, Mbuyu, mtoto wa Mama Mapasa wa kule juu karibu na reli, alikuwa na kilo saba mwezi wa sita, kilo sita mwezi wa saba, mwezi wa nane akapita saba, kisha akashuka tena. Mtoto mwenyewe alikuwa mgongoni mwa mama yake, mnene, anatafuna pindo la kitenge. Pacha wake Kabange naye hivyo hivyo, anapanda na kushuka.

“Hawa watoto hawajapunguka hata kidogo,” Mama Célestine akasema. “Mashini yako njo iko na njaa.”

Tumecheka, lakini mchana wote nimekaa na jambo hilo. Mashini si yangu, ila mimi na Rubens ndio tunaoitunza katika biro la afya hapa Kalemie. Programu yenyewe, daftari la watoto na chanjo zao, inaitwa Karne. Ni ya wazi: mtu yeyote duniani anaweza kuisoma, kuirekebisha, na kuomba rekebisho lake liingizwe. Ndani yake kuna kipande kinachotafuta watoto walioandikwa mara mbili na kuwafanya mmoja. Jina la mtoto sawa, jina la mama sawa, kituo kimoja, siku za kuzaliwa zimekaribiana: basi ni mmoja, wanaunganishwa bila mtu kuulizwa.

Huko ilikoandikwa labda ni akili nzuri. Kwetu Waluba pacha wa kwanza ni Mbuyu na wa pili ni Kabange, awe wa mama yeyote. Na mwanamke akishazaa mapasa, yaani mapacha, jina lake la zamani linawekwa kando. Ni Mama Mapasa, na kumwita vingine mbele za watu ni kumvunjia heshima. Manesi wanaandika hivyo hivyo kwenye mashini. Mwezi wa kwanza Mama Mapasa wawili walizalia kituoni kwetu juma moja. Mama Célestine anamkumbuka yule wa pili: mtu wa Manono, ameolewa na mvuvi, lakini anakokaa hakujui. Mapasa wake wamemezwa ndani ya wale wa juu, pamoja na anuani yao.

Na leo wale wa juu wamechanjwa surua. Kwa hiyo machoni pa mashini wote wanne wamemaliza, na hakuna atakayetumwa kuwafuata wawili wa mvuvi nyumbani kwao.

Mama Célestine alitaka tuanze kuulizauliza mtaani. Nilimwambia asubiri. Nitairekebisha programu, itawatoa yenyewe na anuani zao, na si hawa wawili tu, bali mapasa wote wa mkoa.

10 Oktoba
Nimefungua tawi. Tawi ni nakala ya pembeni ya programu: unabadilisha humo bila kugusa shina linalotumiwa na watu wote, kisha unaomba likubaliwe na kuunganishwa. Nimeliita “mapasa”. Nataka mambo mawili tu: mashini isiunganishe watoto bila kumwuliza mtu, na iweze kuwatenganisha waliokwisha unganishwa, ikirudisha maandishi yao ya zamani.

Rubens amefurahi. Huyu kijana wa Kabalo anafurahia kila kitu. Ameomba aweke humo humo ripoti zake za Kiswahili, na vifungo vikubwa vya watu wasioona vizuri. Nikamkubalia. Tumezoea kupika chungu kimoja.

15 Oktoba
Mvua. Umeme saa chache.

21 Oktoba
Nimetuma tawi. Niliandika maelezo kwa Kifaransa safi, kile cha barua za serikali: “Pendekezo la kuboresha utaratibu wa ugunduzi wa maandishi yanayojirudia.” Rubens alisoma akasema inafaa kupigwa muhuri.

24 Oktoba
Jibu la Anatole, msimamizi wa shina. Anaishi Ubelgiji, sijawahi kumwona. Hakuna salamu, hakuna asante. “Tawi hili lina mambo matatu. Siwezi kulisoma. Gawanya, rudisha.”

Nimekasirika hata chai imenishinda. Kazi ya majuma mawili, tena bure, na mtu anakujibu kama anafukuza mbuzi. Hajui kwamba kutuma kile kitu tu ilikuwa vita. Toleo jipya linatolewa katikati ya Desemba. Lisiloingia kabla ya hapo litangoja mwaka ujao, na vituo vyote vya mkoa vitaendelea na mashini inayomeza watoto.

25 Oktoba
Bado nimekasirika.

30 Oktoba
Rubens ameondoka kwa treni kwenda Kabalo kufunga programu vituoni huko. Amechukua nakala ya kazi yetu yote kwenye flashi. Nimebaki na biro, mvua, na Mama Célestine anayeniuliza kila asubuhi kama mapasa wametoka. Namjibu kwamba bado.

8 Novemba
Nimemaliza kugawanya. Tawi la mapasa sasa liko peke yake, jepesi. Nimelisafisha hata mimi mwenyewe nalipenda. Koneksio ya mtandao hakuna tangu Jumatatu, kwa hiyo liko hapa tu, kwenye mashini ya biro.

11 Novemba
Koneksio hakuna.

12 Novemba
Hakuna.

15 Novemba
Rubens amerudi jana jioni na treni ya mizigo, amekonda, anakohoa, amebeba mkungu wa ndizi kwa ajili yangu. Leo nilikwenda kituoni asubuhi. Niliporudi nikamkuta ameketi mbele ya mashini, anatabasamu. Kasema amenirahisishia. Amefuta folda ya zamani na kuweka ya kwake kutoka kwenye flashi, kwa sababu ya kwake ni mpya, ameifanyia kazi mpaka Kabalo.

Nilimwuliza folda ipi ya zamani. Akanionyesha mahali ilipokuwa.

Nilikaa. Hivi ndivyo tulivyofanya tangu mwanzo, mimi na yeye: flashi inapita mkono hadi mkono, anayekuja wa mwisho anabandika yake juu. Ilifaa tulipokuwa tunarekebisha maneno mawili matatu. Kuna njia za kufanya vizuri, unaweza kuvuta tawi la mwenzako kutoka kwenye flashi kama unavyolivuta kutoka kwenye mtandao, bila kufuta la mtu. Nilizisoma zamani na sikumfundisha, kwa sababu alikuwa na haraka na mimi nilikuwa nimechoka. Juma zima la kugawanya na kusafisha limekwenda. Kilichobaki ni kile kilichokwisha tumwa Oktoba, lile fungu la mambo matatu alilolikataa Anatole.

Sikumfokea. Ningemfokea angalau angejua pa kusimama. Alipoelewa alitoka nje akasimama kwenye mvua kama mtu anayengoja kuitwa. Sikumwita. Ndizi zake ziko juu ya kabati.

Nina hasira naye, nina hasira nami, na zaidi ya yote nimechoka. Nimechoka na kazi ambayo mtu haioni ikiwepo na haioni ikipotea.

18 Novemba
Wasafiri wa mitumbwi wanasema Mpala kuna surua. Mama Célestine ameniambia hilo bila kuuliza habari ya mapasa. Ningependa angeuliza.

19 Novemba
Naandika upya. Rubens anakuja kabla yangu, anafagia, anachaji betri kwa jua pale linapokuwepo. Hatuongei sana.

22 Novemba
Nimemfundisha Rubens kuvuta kutoka kwenye flashi. Ameelewa mara moja. Ndicho kilichoniuma, kwamba ameelewa mara moja. Kisha akaniambia, akiangalia mikono yake, “Mama Evodie, mimi nilizani niko nakusaidia. Kule Kabalo nilikuwa nafanya usiku na mushumaa, ili nikirudi ukute kazi imeisha.” Nimemwambia tuzimenye zile ndizi kabla hazijaoza.

26 Novemba
Nimetuma tawi jipya, jambo moja tu. Ni fupi kuliko lile lililopotea, na nakubali kwa shingo upande kwamba ni zuri zaidi. Mashini ikanijibu kuna mgongano: wakati sisi tunahangaika, mwanamke mmoja wa Brazili amebadilisha mistari ile ile, na yake imekwisha kuingia kwenye shina. Kila mahali inaniuliza: mstari wako au wake?

27 Novemba
Nimechagua wangu. Kila mahali, wangu.

28 Novemba
Anatole: “Umefuta kazi ya mwenzako. Majaribio yote ya programu yameanguka. Soma alichoandika kabla ya kuchagua.”

Nimeona aibu mbele ya Rubens, ambaye angekuwa na haki ya kusema neno.

1 Desemba
Nimesoma mistari ya yule mwanamke siku mbili. Yeye anashughulika na watoto ambao siku yao ya kuzaliwa haijulikani, wale wanaoandikwa “msimu wa mafuriko” au “baada ya Pasaka”. Kumbe na wao wanao. Rekebisho lake lilikuwa linawaokoa watoto wa kwake, nami nililifuta kwa sababu nilikuwa nimechoka. Mimi na Rubens tumekaa bega kwa bega na kuunganisha mstari kwa mstari, tukiweka wake na wetu pamoja. Yeye anasoma kwa sauti, mimi naandika. Ni mara ya kwanza tangu mvua ianze nimefanya kazi bila kuona kama nabeba mawe.

3 Desemba
Anatole anauliza: “Kwa nini manesi wasiandike tu jina halisi la mama?”

Nimempelekea Mama Célestine swali hilo. Amesema atajaribu, kwa ajili yangu. Alikuja Mama Mapasa mmoja wa Nyunzu. Kamwuliza jina. “Mama Mapasa.” Kamwuliza lile la nyumbani. “Mama Mapasa.” Kamwuliza lile la ubatizo, basi. Mama akafunga kitenge chake vizuri, akamwuliza kama yeye ni nesi ao ni polisi, akaketi mwisho wa benchi akingoja nesi mwingine. Nesi mwingine hatuna.

5 Desemba
Surua imefika mjini. Watoto kadhaa wamelazwa. Wanaopewa kitanda ni wale wanaoletwa. Ambao hawaletwi hatuwajui.

Nilimwandikia Anatole barua ndefu, nikaifuta. Kisha nikaandika mstari mmoja nikiomba tuongee kwa simu.

9 Desemba
Amepiga. Nilitegemea sauti ya mkubwa. Nimesikia sauti ya mtu aliyelala vibaya, na nyuma yake magari ya mizigo. Anafanya kazi kwenye ghala, alikuwa kwenye mapumziko. Ni mtu wa kwetu, wa Likasi. Alipogundua ninatoka Kalemie aliacha Kifaransa kama mtu anayevua viatu vinavyombana.

Aliniambia walikuwa watatu wanaolitunza shina, wawili wameacha, amebaki peke yake. Maombi yanafika kutoka kila upande, yote ni ya haraka, yote yanamkasirikia. Anayasoma kwenye basi. Nilikuwa na maneno yangu tayari tangu Oktoba na sikupata pa kuyaweka.

Basi nikamweleza. Mama Mapasa wa juu, Mama Mapasa wa mvuvi, kilo zinazopanda na kushuka, chanjo iliyotolewa kwa wawili ikahesabiwa kwa wanne, surua iliyoko mjini.

“Mama,” akasema, “nilikuwa sijue kama nyuma ya hii tawi kuko watoto wawili. Haukuandika. Uliandika mambo ya kuboresha utaratibu. Za kuboresha utaratibu niko nazo mingi sana, zote zinaweza kungoja.”

Ni kweli. Nimesoma tena kila nilichomtumia tangu mwanzo. Kifaransa kizuri, hakuna kosa, na hakuna mtoto hata mmoja ndani yake. Tumefundishwa shuleni kwamba mkubwa haandikiwi mambo ya kilo na vitenge. Nimemwona mtu huyu mbaya mwezi na nusu kwa kutojibu jambo ambalo sikumwambia.

12 Desemba
Limeunganishwa. Saa sita mchana, mvua ikinyesha. Rubens alipiga kofi moja mezani. Anatole ameandika chini yake, “Aksanti. Samahani ya kukawia.” Nilitegemea furaha. Nimelala kwenye kiti mpaka saa tisa.

16 Desemba
Toleo jipya limetoka leo na tumelifunga. Mashini ilianza kuuliza, jozi baada ya jozi: mtoto mmoja au wawili? Wametoka mapasa wa Lubuye, wa Nyunzu, wa Kabalo, wa njia ya Mpala. Mama Célestine alisimama nyuma yangu akishika mgongo wa kiti changu.

Kisha ikatokea: Mbuyu na Kabange wa mvuvi, na anuani chini yao. Ng'ambo ya mto Lukuga, nyumba ya pili baada ya daraja, upande wa ziwa. Niliisoma mara kadhaa. Tuliambiana tangu mwanzo kwamba wavuvi wanahamahama, kwamba huenda wako Mpala, huenda wamevuka hata Kigoma. Kutoka dirisha la biro daraja linaonekana.

17 Desemba
Tumekwenda mimi, Rubens, na Mama Célestine na sanduku lake la chanjo. Mvua ilikuwa imepumzika. Mama Mapasa alikuwa anaanika dagaa uani. Ni mwembamba, kijana kuliko nilivyomfikiria. Alipoona sanduku aliacha dagaa lakini hakusimama.

Mbuyu alikuwa kwenye mkeka, anatambaa. Ngozi yake ilikuwa bado inabanduka pale upele ulipopita. Kabange alikuwa amelala mapajani mwa bibi yake, amegeuzia ukuta uso. Mama Célestine alimchukua polepole, akamgeuza kwenye mwanga. Jicho la kushoto lina utando mweupe. Alipitisha kidole mbele yake, mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha alimlaza begani na kumfunika.

Surua iliwashika mwishoni mwa Novemba, mama alieleza. Wote wawili. Mbuyu akapona vizuri. Huyu homa ilipotoka jicho lilibaki hivi. Alingoja watu wa chanjo tangu watoto walipotimiza miezi tisa, kwa sababu watu wa chanjo walikuja nyumba ya jirani, wakaja nyumba ya nyuma, kwake hawakufika. Alifikiri labda mapasa wana siku yao.

Mama Célestine alisema Kabange aende hospitali leo leo, jicho la pili bado linaweza kulindwa, na Rubens alikwisha toka kutafuta pikipiki. Mimi nilibaki nimesimama na mashini yetu ndogo mikononi. Nilitaka kusema pole, na nilisema. Mama Mapasa aliitikia. Kisha aliniuliza kama tulikuwa tunajua kwamba watoto wake wapo.

Ningeweza kusema hapana. Nilimwambia tulijua.

“Tangu lini?”

“Tangu mwezi wa kumi.”

“Sasa mulikuwa munafanya nini?”

Niliona tawi, flashi, mistari ya yule mwanamke wa Brazili, Anatole kwenye basi lake. Yote ni kweli na hakuna hata moja ambalo ningeweza kulitoa nje ya kinywa changu katika ua ule. Nilimwambia tulikuwa tunatengeneza mashini, ili itutajie mahali anapokaa.

Hakuwa na hasira, ningependa angekuwa nayo. Alikuwa anajaribu kuelewa kwa kweli.

“Hapa watu wote wananijua,” akasema. “Ungevuka daraja ukauliza Mama Mapasa wa muvuvi. Hata mutoto mudogo angekuleta.”

Pikipiki ilikuwa imefika. Alimpokea Kabange, akamfunga mgongoni, akamwinua Mbuyu pia, kwa maana mmoja haendi bila mwingine. Kabla hajapanda alisimama karibu nami akatazama kioo cha mashini, ambacho kilikuwa bado kinauliza kama ni mmoja au wawili. Sijui kama anasoma. Nilibonyeza: wawili. Alingoja mpaka alipoona kimebadilika, ndipo akapanda.